Saba Waliosogea Kando

Filamu za makauboi tulizozoea zina mpango unaojulikana. Yupo mtu mwema, yupo mwovu, upo mji mdogo wenye vumbi, na mwishoni bastola inaamua nani alikuwa na haki. Mtazamaji huinuka akiwa ametulia, kwa kuwa uovu umekufa pamoja na aliyeubeba. The Ox-Bow Incident, filamu iliyoongozwa na William Wellman na kuanza kuonyeshwa mwaka 1943, ina mji, ina vumbi, ina farasi na bastola, lakini utulivu huo haiutoi. Kwa muda wa dakika 75 hivi inatuonyesha watu watatu wakinyongwa kwa mauaji ambayo hayakutokea. Na wanaowanyonga ni watu wa kawaida kabisa: wafugaji, wachunga ng'ombe, mama mwenye nyumba ya wageni, na msaidizi wa mkuu wa usalama aliyeachiwa mji.

Filamu hii imetokana na riwaya yenye jina hilohilo, iliyoandikwa na Mmarekani Walter Van Tilburg Clark na kuchapishwa mwaka 1940. Lamar Trotti, aliyeandika mchezo wa filamu, aliifuata riwaya kwa uaminifu katika sehemu kubwa, kisha akabadilisha mambo machache karibu na mwisho. Tutakaa zaidi kwenye mabadiliko hayo, kwa sababu yanagusa jambo ambalo Kanisa linashughulika nalo kila siku, yaani toba. Swali tunaloliona katika kazi hizi mbili ni hili: dhamiri njema ina thamani gani mbele za Mungu ikiwa imeamka wakati mwenye kuokolewa ameshakufa? Filamu inalijibu kwa namna moja na kitabu kwa namna nyingine. Tunaamini jibu gumu zaidi ndilo linalomfaa mwamini.

Habari yenyewe

Ni mwaka 1885, katika jimbo la Nevada. Wachunga ng'ombe wawili, Gil Carter na Art Croft, wanaingia katika mji mdogo wa Bridger's Wells baada ya majira marefu ya baridi. Gil anachezwa na Henry Fonda, Art anachezwa na Harry Morgan. Wanakunywa, Gil anapigana kidogo, na mara kijana mmoja anafika mbio juu ya farasi akiwa na habari: mfugaji Larry Kinkaid amepigwa risasi na wezi wa ng'ombe, amekufa.

Mkuu wa usalama hayupo mjini. Msaidizi wake, Mapes, anawaapisha watu kuwa wasakaji ingawa hana mamlaka hayo. Mzee mwenye duka, Davies, anawasihi wasubiri sheria ifuate mkondo wake, naye jaji wa mji anapiga kelele zisizo na nguvu. Kisha anatokea Meja Tetley, amevaa sare ya jeshi la Kusi ambalo lilishindwa miaka 20 nyuma, akiwa na mwanawe Gerald. Anasema watu watatu wameonekana wakipita mlimani na ng'ombe wenye chapa ya Kinkaid. Basi msafara unaondoka.

Usiku wanawakuta watu hao wamelala katika bonde la Ox-Bow. Mmoja ni Donald Martin, kijana mwenye mke na watoto wawili, anayechezwa na Dana Andrews. Wa pili ni Mmeksiko, anayechezwa na Anthony Quinn. Wa tatu ni mzee ambaye akili zake zimechoka. Martin anaeleza kwamba ng'ombe aliwanunua kwa Kinkaid mwenyewe, ila hakupewa hati ya mauzo. Aliahidiwa kutumiwa baadaye. Mmeksiko ana bastola ya Kinkaid, naye anasema aliiokota njiani. Hakuna anayewaamini. Wanapewa muda hadi mapambazuko. Martin anamwandikia mkewe barua na kumkabidhi Davies. Inapigwa kura, na ni saba tu wanaosogea upande wa wanaotaka watu hao wapelekwe mjini kuhukumiwa. Kunapokucha, watatu wananyongwa.

Wakiwa njiani kurudi wanakutana na mkuu wa usalama. Kinkaid hajafa. Waliompiga risasi wameshakamatwa.

Uvumi na woga

Filamu inatumia muda mwingi, karibu theluthi yake, kabla ya msafara kuondoka mjini. Wapo wanaoona sehemu hii inakwenda polepole. Sisi tunaiona ndiyo sehemu ya maana kuliko zote, maana humo tunajifunza jinsi mauaji yanavyotengenezwa.

Kwanza ni uvumi. Hakuna hata mmoja katika msafara aliyeona maiti ya Kinkaid, wala asingeweza kuiona, kwa kuwa haikuwepo. Lakini neno "amekufa" likishasemwa na mtu anayehema, mbele ya watu waliokwisha kunywa, halirudi nyuma. Farnley, rafiki wa Kinkaid, amejaa uchungu wa kweli. Uchungu wake unawapa wengine ruhusa ya kukasirika bila kuuliza. Torati ilijua hatari hii. Katika Kumbukumbu la Torati 19 imeagizwa kwamba shahidi mmoja hatoshi kumtia mtu hatiani. Lazima wawepo wawili au watatu, na waamuzi wachunguze kwa bidii. Bridger's Wells hawakuwa na shahidi hata mmoja.

Pili ni woga, na hapa filamu ni hodari sana. Gil na Art hawana hasira na mtu. Ila ni wageni mjini, na mji umekuwa ukiibiwa ng'ombe kwa muda mrefu. Wanajua macho yanawatazama. Wakibaki nyuma, kesho wao ndio watakaoshukiwa. Basi wanapanda farasi na kwenda pamoja na wengine ili wasije wakawa wao wanaosakwa. Hatuhitaji kutafuta mbali kuelewa jambo hili. Ni wangapi wamepiga kelele katika umati kwa sababu kukaa kimya kungewafanya waonekane wanamtetea mwovu? Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinakataza kuwafuata wengi katika kutenda maovu, na kukataza kuupotosha ushahidi kwa kuegemea upande wa wengi. Amri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya watu katili peke yao. Mkatili ana njia yake tayari, wala hangoji wengi. Anayeihitaji zaidi ni mtu kama Gil, mwenye moyo usio mbaya, asiyetaka kubaki peke yake.

Hata uchaguzi wa waigizaji unasaidia somo hili. Mama Grier, mwenye nyumba ya wageni, anayecheka na kufanya mzaha na watuhumiwa, anachezwa na Jane Darwell. Huyu ndiye aliyekuwa ametunukiwa Oscar kwa kuigiza mama wa familia maskini katika The Grapes of Wrath, filamu ya mwaka 1940, ambamo Henry Fonda alikuwa mwanawe. Watazamaji wa 1943 waliujua uso ule kama uso wa mama mwenye huruma. Wellman akauweka chini ya mti wenye kamba.

Fonda naye hakuhitaji kubuni. Mwaka 1919, akiwa na umri wa miaka 14, alishuhudia kutoka dirisha la duka la uchapaji la baba yake, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, umati ukimwua Will Brown, mtu mweusi aliyekuwa ametuhumiwa tu, hajahukumiwa. Alisimulia tukio hilo katika maisha yake ya baadaye. Tukimtazama katika filamu hii, amesimama pembeni, mikono haina kazi, twaona mtu anayejua umati unavyokuwa.

Mchungaji aliyebaki na mtu aliyekwenda

Kuna jambo katika riwaya ambalo msomaji wa Kanisa hawezi kulipita. Mji wa Bridger's Wells una mchungaji, jina lake Osgood. Wakati watu wanakusanyika anawasihi wasiende. Maneno yake ni ya kweli kabisa, lakini anayasema kwa namna ambayo watu wanaona aibu kumsikiliza, na anapokataliwa anabaki mjini. Msafara unaondoka bila yeye.

Anayekwenda ni Sparks. Huyu ni mtu mweusi, mfanya kazi za mikono, asiye na cheo chochote cha kanisa. Mlevi mmoja aitwaye Smith anamfanyia mzaha kwamba msafara unahitaji mhubiri wa kuwaombea wanaokwenda kunyongwa. Sparks anauchukua mzaha ule kama wito. Anasema kwa upole kwamba labda kweli anapaswa kwenda, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kuomba. Katika filamu nafasi hii imechezwa na Leigh Whipper, mwigizaji mweusi, kwa utulivu ambao ulikuwa nadra wakati ule, maana watu weusi katika filamu za Hollywood walipewa zaidi nafasi za kuchekesha.

Njiani Sparks anamweleza Gil kwamba alipokuwa mtoto alimwona ndugu yake mwenyewe akinyongwa na umati, wala hajui hadi leo kama alikuwa na hatia. Kwa hiyo katika msafara wote yeye peke yake anajua mambo haya mwisho wake ni nini. Pia ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, maana umati unaotafuta mtu wa kunyonga unaweza kugeuka. Bado anakwenda. Wakati wa kura anasogea upande wa wale saba. Baada ya mauaji anabaki karibu na miili na kuimba wimbo wa ibada, na Wellman hatuonyeshi maiti. Anatuonyesha vivuli vyake tu ardhini.

Je, sala ya Sparks ilisaidia nini? Watatu walikufa hata hivyo. Hatuna budi kulikubali swali hili bila kulifunika kwa maneno laini. Tunachoweza kusema ni kwamba wale watatu hawakufa wakiwa wamezungukwa na adui peke yao. Palikuwepo mmoja aliyewaona kuwa watu. Chini ya msalaba pia palikuwepo wachache waliosimama wasioweza kuzuia chochote, na Injili zinawataja. Mchungaji Osgood alisema kweli akabaki. Sparks hakuwa na la kusema akaenda. Kanisa linahitaji kusema na kwenda pia, lakini kama tungelazimika kuchagua, tunajua ni nani kati ya hao wawili aliyefanana zaidi na Bwana wake.

Saba

Tufike kwenye kura. Meja Tetley, akiwa na hakika ya kushinda, anawaambia wanaotaka kesi ipelekwe mahakamani wasogee kando. Mmoja mmoja wanasogea: Davies, Gerald mwana wa Meja, Sparks, Gil, Art, na wengine wawili. Kamera inawatazama jinsi wanavyohesabika haraka. Upande wa pili umejaa.

Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja Mwanzo 18, Ibrahimu akijadiliana na Mungu juu ya Sodoma, akishuka kutoka hamsini hadi kumi. Kumi wangetosha kuuokoa mji. Ox-Bow walipatikana saba, na kwa kura za wanadamu saba hawatoshi. Hapa ndipo filamu inapotutega. Baadaye mkuu wa usalama anapouliza ni nani waliohusika, Davies anamjibu kwamba ni wote, ila saba. Naye mkuu wa usalama anawaambia wale wengine kwamba wamtumaini Mungu kwa rehema, maana kwake hawataipata. Mtazamaji anapumua. Amekuwa upande wa Gil na Davies muda wote, basi naye yumo katika wale saba. Ameachiliwa.

Lakini turudi nyuma kidogo. Wale saba nao walipanda farasi na kwenda. Wengi wao waliongeza idadi ya msafara, na idadi ndiyo iliyowapa wengine ujasiri. Kama Gil na Art wangebaki Bridger's Wells, na wengine wenye mashaka wakabaki pia, huenda msafara usingeondoka kabisa. Kura ya alfajiri ni njema, lakini ilitanguliwa na safari ya usiku kucha. Katika Matendo ya Mitume, Sauli hakurusha hata jiwe moja. Mashahidi waliweka mavazi yao miguuni pake, na Luka anatuambia wazi kwamba alikubaliana na mauaji ya Stefano. Paulo mwenyewe, miaka mingi baadaye, hakujitetea kwamba mikono yake ilikuwa mitupu. Aliikumbuka damu ile na akaitaja mbele ya watu.

Riwaya inalijua jambo hili kuliko filamu. Katika kitabu, mkuu wa usalama hatoi hukumu hata kidogo. Theluji inaanguka, naye anasema hakumtambua mtu yeyote pale, kisha anachagua watu kumi miongoni mwa haohao ili wamsaidie kuwatafuta wezi wa kweli. Sheria ambayo Davies aliililia usiku kucha inafika, inatazama pembeni, na kuendelea na kazi. Hakuna saba waliosafishwa wala wengine waliolaaniwa. Kila mtu anarudi nyumbani na sehemu yake.

Kisha Clark anaandika sura ambayo Hollywood isingeweza kuifilamu kwa urahisi. Davies anakwenda katika chumba alikolala Art, ambaye alijeruhiwa kwa risasi usiku, na kuungama. Anachoungama si kwamba aliwanyonga wale watu. Anaungama kwamba alijua Tetley angeweza kuzuiwa, kwamba Tetley alikuwa na kitu kimoja tu cha kuogopa, yaani mtu aliye tayari kumkabili kwa bunduki. Na kwamba yeye, Davies, hakuwa na bunduki, na moyoni alifurahi kwamba hakuwa nayo. Alifurahi kwa kuwa hakulazimika kuchagua.

Hatusemi kwamba Mkristo angepaswa kumwua Tetley. Bunduki si kiini cha ungamo hili. Kiini chake ni ile furaha ya siri. Ni mara ngapi mtu mwema amesema, "Nilijitahidi kuwaambia," na ndani yake akashukuru kwamba hakuna zaidi aliloweza kufanya? Davies alitumia maneno kwa saa nyingi, maneno mazuri, na mwishowe akagundua kwamba maneno yale yalikuwa pia maficho yake. Pilato naye alisema kweli juu ya Yesu kwamba hana hatia, akaomba maji.

Art, kwa upendo wa rafiki, anajaribu kumtuliza. Anamwambia hakuwa na la kufanya, wengine ndio wenye kosa. Davies hapokei faraja ile. Na sisi tulio katika huduma tunaona hapo onyo kwetu. Mtu akija na dhambi yake halisi, tunakuwa wepesi kumwambia haina uzito. Huko ni kumfukuza kwa heshima. Anayetaka kutubu anahitaji mtu atakayekubali kwamba dhambi yake ni dhambi, kisha amwonyeshe mahali inapoondolewa. Yuda alijuta, akarudisha fedha, akawaendea makuhani; nao wakamjibu kwamba jambo lile halikuwahusu. Tunajua alikokwenda baada ya hapo. Katika riwaya, kijana Gerald Tetley, aliyelazimishwa na baba yake kushiriki katika unyongaji, anarudi nyumbani na kujiua, na baba yake anamfuata. Filamu imebakiza kifo cha baba tu. Kwa namna zote mbili, Bridger's Wells ni mji wenye dhambi nyingi na usio na mahali pa kuziungama.

Barua

Badiliko kubwa la filamu ni barua ya Martin. Davies anapoisoma usiku ule, anaona kwamba mtu aliyeandika maneno kama yale hawezi kuwa mwuaji, na anataka kuwaonyesha wengine. Martin anakasirika. Barua ni ya mkewe, si ya umati. Katika riwaya msomaji hayasomi kamwe maneno yake. Katika filamu, Gil anaisoma kwa sauti kwenye baa, wahusika wote wakiwa wamesimama kimya mbele ya vinywaji vyao. Ukingo wa kofia ya Art unayafunika macho ya Gil, nasi tunaona mdomo tu unaosema.

Wahakiki wengi wameilaumu barua hii, na lawama yao ina msingi. Martin ana saa chache za kuishi. Anamwandikia mke na watoto wadogo. Lakini sehemu kubwa ya barua inazungumzia sheria, kwamba ni zaidi ya maneno yaliyoandikwa vitabuni, na dhamiri, kwamba kama mwanadamu anamgusa Mungu mahali popote, ni hapo. Hiyo ni sauti ya mwandishi wa filamu anayetaka tusikose somo. Mume anayeagana angeuliza kama paa limetengenezwa, angetaja majina ya watoto.

Hata hivyo tunaona sababu ya kuitetea tendo la kuisoma, hata kama hatuyatetei maneno yote. Katika Injili ya Yohana, sura ya 7, Nikodemo anawauliza wenzake kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Martin alisema usiku kucha na hakusikilizwa. Pale kwenye baa, kwa mara ya kwanza, wote wananyamaza na kumsikiliza. Hiyo ndiyo kesi aliyoiomba. Imefika ikiwa imechelewa kwa siku moja, na waliokuwa waamuzi sasa ndio washitakiwa. Macho ya Gil yaliyofichwa yanatosha kutuambia kwamba naye anasikiliza akiwa upande wa washitakiwa, ingawa alikuwa mmoja wa saba. Katika dakika hiyo filamu inarekebisha kosa ililolifanya kwa kuwahesabu.

Fedha ya mjane

Kabla ya barua kusomwa, watu wamechangishana fedha kwa ajili ya mjane, zikafika dola 500 hivi. Kwa wakati ule zilikuwa nyingi. Gil na Art wanaondoka mjini kumpelekea mwanamke yule barua na fedha, wakipita barabara ileile waliyoingilia mwanzoni.

Sisi tunaotoka katika jamii za mchango wa rambirambi tunajua uzuri wa tendo hili. Mtu akifiwa, hatumwachi peke yake. Ndiyo maana tendo hili linatuchoma. Hapa wanaochanga ndio waliomwua marehemu. Makuhani wakuu walizichukua fedha za Yuda, wakaona haifai kuziweka katika hazina kwa kuwa ni thamani ya damu, wakanunua shamba la kuzikia wageni. Ilikuwa kazi ya huruma, na Mathayo anaandika kwamba watu waliliita shamba lile Shamba la Damu.

Hatusemi mjane asipokee. Watoto wanahitaji kula. Tunasema kwamba malipo si ungamo, na kwamba filamu inatuacha tuondoke na Gil tukijisikia vizuri mapema mno. Zakayo alirudisha mara nne, lakini alisimama kwanza mbele ya watu, akataja alilofanya. Katika Bridger's Wells kofia ilizungushwa, na hakuna aliyesema, "Mimi nilishika kamba."

Kwetu

Clark aliandika riwaya yake wakati dunia ikiitazama Ujerumani ya Hitler, na Wamarekani wa 1943 waliweza kuiona filamu kama habari ya nchi nyingine au karne nyingine. Wengi hawakutaka hata kuitazama. Haikupata mapato makubwa, ingawa iliteuliwa kushindania Oscar ya filamu bora ya mwaka, tuzo iliyokwenda kwa Casablanca. Huenda walikuwa na haki kuikwepa, kwa sababu ilikuwa inawahusu.

Inatuhusu na sisi. Katika miji yetu neno "Mwizi!" likipigwa sokoni au kituo cha mabasi, mtu anaweza kuwa majivu kabla polisi hawajafika, na magazeti yataandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika mawe. Katika vijiji vyetu wako bibi waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Na katika umati ule wamo waliobatizwa. Jumapili wanakuja, wanakaa, wanatoa sadaka. Hatujawahi kuwauliza, nao hawajapata mahali pa kusema.

Kwa hiyo tungependa filamu hii itazamwe katika vikundi vya vijana na vya akina baba, na baada yake usifanyike mjadala wa nani alikuwa mbaya zaidi kati ya Tetley na Farnley. Swali lenye faida linahusu saa ile ya kwanza, pale mjini, kabla farasi hawajatandikwa. Mtu mmoja angesema, "Nani ameiona maiti? Mimi siendi mpaka nimeiona." Angeitwa mwoga, pengine angeshukiwa. Lakini wakati huo neno lake lilikuwa bado na uwezo wa kuwaokoa watu watatu. Hadi kufika alfajiri, kusogea kando kuliweza tu kumpa mtu nafasi ya kuhesabiwa kati ya saba.

Na kwa yule ambaye saa ile imeshapita, ambaye alikwenda, alisimama, akaona, hatuna la kumpunguzia. Tunaweza kukaa naye kama Art, ila tusiseme aliyoyasema Art. Tumwache ataje jambo lenyewe kwa jina lake. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu akaisikia. Waraka kwa Waebrania unasema ipo damu nyingine inayonena mema kuliko ile. Lakini anayetaka kuisikia hii ya pili hana budi kwanza kukubali kwamba ameisikia ile ya kwanza.